Ukiambiwa 'Tenganeni', Utasimama Upande Gani?

Siku hizi neno 'shujaa' limekuwa rahisi kama njugu za kwenye steji. Msee akimaliza chupa tatu bila kuyumba, ni shujaa. Akimjibu trafiki kwa ukali, shujaa. Akiposti picha yuko kifua wazi kwenye jimu, wenzake wanamwandikia 'simba'. Sina kesi na hayo, ujana ni ujana. Lakini leo nataka nikupe watu wa kulipimia neno hilo, maana naona mizani tunayotumia ni mbovu, na siku si nyingi huenda ikatugharimu.

Ukikulia Kakamega unajua ukakamavu unavyotazamwa. Nenda Shinyalu, Khayega au Malinya siku ya fahali kupigana. Isukuti inalia tangu alfajiri, wazee kwa vijana wanakimbia mbele ya ng'ombe wao, na mchezo wenyewe hauna sheria nyingi: fahali atakayegeuza mgongo ameshindwa, na aliyemsukuma ndiye bingwa. Tangu utotoni tunafundishwa kwamba mwenye nguvu ni yule anayesukuma.

Watu ninaotaka kukusimulia hawakumsukuma mtu yeyote. Walichofanya ni kukataa kusogea.

Tuanze na barabara ya Mandera. Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na al-Shabaab. Shule zilikuwa zimefungwa, na wengi mle ndani walikuwa walimu na wafanyakazi wa kutoka sehemu nyingine za nchi wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Abiria walitenganishwa. Walioonekana kuwa Waislamu upande huu, wasio Waislamu upande ule. Watu 28 waliuawa kwa risasi. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, vibarua 36 wa timbo la mawe pale Kormey, karibu na mji wa Mandera, nao wakatengwa na kuuawa usiku. Kisha ikaja tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hiyo huenda unaikumbuka hata kama ulikuwa mdogo. Watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wako.

Nimeyaweka hayo mwanzo kwa makusudi. Nataka ujue abiria wa basi la mwaka uliofuata walikuwa na nini vichwani mwao walipopanda.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine, barabara ileile, msimu uleule. Lilikuwa safarini kwenda Mandera, likafyatuliwa risasi katika eneo la El Wak, likasimama. Kila aliyekuwa ndani alijua kitakachofuata. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwa muda mfupi waliokuwa nao, wanawake wa Kiislamu walitoa hijabu na mitandio yao wakawapa abiria wa Kikristo wajifunike, ili wasitambulike. Washambuliaji wakapanda, wakatoa amri ileile ya mwaka uliopita: Waislamu wakae huku, Wakristo kule.

Waislamu wakakataa. Waliwaambia wenye bunduki kwamba ama wawaue wote au wawaache wote waende zao.

Hebu simama hapo kidogo. Soma tena. Hao waliokataa ndio walioambiwa kwamba wako salama. Walichohitaji kufanya ili wafike nyumbani kwa watoto wao ni kusogea hatua mbili tu. Hakuna aliyewataka wamuue mtu. Hakuna aliyewataka hata wamwonyeshe mtu kidole. Wasogee tu, kazi iliyobaki ifanywe na wengine. Ni hatua hizo mbili ndizo walizokataa kupiga.

Watu 2 waliuawa siku hiyo. Mmoja wa waliojeruhiwa alikuwa Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mwislamu. Naye alipewa nafasi ya kusogea, akaikataa, akapigwa risasi. Akiwa kitandani hospitalini aliwaeleza wanahabari yaliyotokea, na ujumbe wake ulikuwa kwamba watu wa dini mbalimbali wanapaswa kuishi pamoja kwa amani. Mnamo Januari 2016 alifariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Aliacha mke na watoto. Mwaka huohuo serikali ikamtunuku nishani ya OGW. Wanafunzi wa filamu kutoka Hamburg, Ujerumani, wakatengeneza filamu fupi iitwayo Watu Wote iliyotokana na kisa hicho, ikafika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Sasa waulize mabeshte wako pale Masinde Muliro, au wale mnaokaa nao Muliro Gardens jioni, kama wanalijua jina la Salah Farah. Uliza pia kama wanaweza kukutajia wachezaji kumi na mmoja wa Arsenal. Utapata jibu. Silalamiki kuhusu Arsenal. Nasema tu kwamba mtu akitoa uhai wake kwa ajili ya jirani asiye wa dini yake, kwenye nchi hii hii, jina lake linapaswa kuwa rahisi mdomoni kama la mshambuliaji wa timu ya ng'ambo.

Huenda unasema Mandera ni mbali. Kweli, ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Lakini si mbali unavyodhani. Uliza mtaani kwako: nyumba ya ngapi utapata mwalimu, nesi au askari aliyewahi kupangiwa kazi kaskazini? Hutatembea sana. Na kama unafikiri habari za Mwislamu na Mkristo ni za watu wa huko, panda matatu hadi Mumias. Uislamu ulifika pale katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka Pwani, enzi za ufalme wa Wanga. Leo kuna familia kule ambazo mjomba ni Hassan na shangazi ni Rose, na Idi na Krismasi zote zinaliwa kwenye sufuria moja. Basi lile lilikuwa limebeba Kenya, na sisi ni sehemu ya Kenya hiyo.

Wala usidhani abiria wa Mandera walikuwa watu wa ajabu walioshuka kutoka mbinguni. Eneo letu hili la Afrika lina visa vingine viwili vinavyofanana na hicho, na vyote viwili ni vya wanafunzi.

Cha kwanza ni cha Nyange, magharibi mwa Rwanda. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, miaka 3 baada ya mauaji ya kimbari, wanafunzi wa sekondari walikuwa madarasani wakisoma baada ya chakula cha jioni. Wanamgambo waliokuwa wakivuka mpaka kutoka upande wa Zaire wakavamia shule. Wakawaamuru wanafunzi wajigawe: Wahutu huku, Watutsi huku. Wanafunzi wakajibu kwamba pale hakuna Mhutu wala Mtutsi, wote ni Wanyarwanda. Wakaamriwa tena. Wakakataa tena. Risasi na maguruneti vikafuata. Baadhi waliuawa palepale na wengine wengi wakabaki na majeraha ya maisha. Leo wanafunzi hao wamo kwenye orodha ya mashujaa wa taifa la Rwanda, daraja liitwalo Imena, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari.

Fikiria umri wao. Hao ni wanafunzi wa sekondari tu. Na fikiria walikotoka: miaka 3 tu nyuma walikuwa wameona majirani wakiuana kwa mapanga. Kama kuna watoto waliokuwa na kila sababu ya kuogopana na kuchukiana, ni hao.

Cha pili ni cha Buta, kusini mwa Burundi, wiki 6 tu baadaye. Tarehe 30 Aprili 1997, asubuhi na mapema, waasi waliingia katika bweni la seminari ndogo ya Kikatoliki. Amri ni ileile: Wahutu wajitenge na Watutsi. Vijana wakakataa, wakabaki pamoja. Waliouawa ni 40. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari hiyo, alinusurika na baadaye akaandika kitabu kuhusu vijana wake.

Mandera, Nyange, Buta. Lugha tofauti, dini tofauti, nchi tofauti, na hawakuwa wakijuana. Mwenye bunduki alikuja na swali moja, nao wakatoa jibu moja.

Mimi naona kuna mambo matatu ya kujifunza hapa, na hakuna hata moja linalohusu misuli.

La kwanza, ujasiri wa namna hii si kutoogopa. Sidhani kuna mtu aliyekuwa ndani ya basi lile ambaye magoti hayakuwa yakigongana. Mama anayevua mtandio kichwani na kumfunga mtu asiyemjua, huku risasi zikilia nje, mikono lazima inatetemeka. Lakini mkono unaotetemeka unaweza kufunga mtandio. Tofauti ya mwoga na jasiri haiko kwenye mapigo ya moyo, iko kwenye kile mikono inachofanya moyo ukipiga hivyo.

La pili, walikuwa wengi. Mtu mmoja akikataa kusogea, anavutwa shati na kutupwa upande. Basi zima likikataa, mwenye bunduki anaanza kufanya hesabu upya. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kila muuaji ni kutenganisha. Kabla ya risasi, kabla ya panga, kabla ya kiberiti, kwanza ni lazima kuwe na upande huu na upande ule. Ukivuruga hatua hiyo ya kwanza, umeharibu mpango wote.

La tatu, na hili ndilo ningependa ulibebe, walikuwa wamejiandaa bila kujua wanajiandaa. Abiria wa Mandera walikuwa na mwaka mzima wa kufikiria yaliyowapata wale 28. Vijana wa Buta walilelewa mahali ambapo mambo ya kabila na vita vilivyoanza nchini mwao mwaka 1993 yalizungumzwa waziwazi, hayakufichwa chini ya mkeka. Walikuwa wamekula pamoja, wamecheza mpira pamoja, wamesali pamoja, wamegombana na kupatana. Siku ya amri ilipofika, jibu lilikuwa limeshakomaa ndani yao. Huwezi kuanza kutafuta jibu la swali hilo wakati mtutu uko kifuani.

Kabla sijaendelea, nataka tukubaliane jambo moja, maana makala za mashujaa zina tabia mbaya ya kupendezesha kifo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumbani kwa Salah Farah kulienda kilio. Kwa wazazi wa Buta kulienda kilio mara 40. Hakuna nishani inayomlipia mtoto karo, wala filamu inayomrudisha baba mezani. Taifa linalotegemea raia wake wawe mashujaa kila Desemba barabarani ni taifa lililolala kazini. Kazi ya kulinda basi ni ya serikali. Kazi ya kumlinda mwalimu anayepelekwa Garissa au Wajir ni ya aliyempeleka. Mnamo Januari 2020, walimu 3 waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa eneo hilo. Waliobaki bila walimu ni watoto wa huko, ambao hawakumkosea mtu. Kwa hiyo ukinisikia nikiwasifu waliosimama imara, usisikie kwamba ninamsamehe aliyepaswa kuwalinda.

Wala sikutumi ukafe. Nakuuliza tu: swali la 'tenganeni' likija Kakamega, litakuja na sura gani?

Maana litakuja, na pengine halitakuja na bunduki. Huku kwetu huja na mikutano ya kampeni.

Sisi hapa tunajivunia salamu yetu ya mulembe. Tunasalimiana kwa amani asubuhi na jioni, tumejiita hata taifa la Mulembe. Ni jina zuri. Lakini mwaka 2008 lilitushinda. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Nasi huku Magharibi hatukuwa watazamaji. Kuna watu waliofunga maduka yao kwa haraka na kulala na watoto kwenye vituo vya polisi, kwa sababu tu jina la ukoo lilisikika la kutoka mahali pengine. Waliowatambua hawakuwa wageni. Mtu wa mbali hajui duka lipi ni la nani. Ni jirani ndiye anayejua.

Ndiyo maana nasema mauaji ya kutenganisha huhitaji wenyeji. Mwenye kiberiti hutoka mbali, lakini wa kumwonyesha mlango ni mtu wa karibu. Na mara nyingi huyo wa karibu si mtu mbaya. Ni kijana wa kawaida aliyepewa mia tano, au hata hakupewa kitu, aliambiwa tu kwamba wakati umefika wa kujua wetu ni nani.

Kila neno la kutenganisha lina historia. Rwanda watu waliitwa mende kwenye redio kwa miezi mingi kabla ya mapanga kutolewa. Kwetu tuna 'madoadoa', neno ambalo Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022. Doa hufanywa nini? Huoshwa. Huondolewa. Hakuna anayeambiwa moja kwa moja amuue mtu. Anaambiwa tu kwamba kuna uchafu kwenye nguo.

Na tusijidanganye kwamba hili ni suala la makabila makubwa tu. Sisi wenyewe tuna shoka letu dogo la kupasulia kuni. Huyu ni Mwisukha, yule ni Mwidakho, huyo Mtsotso, huyo Mkabras, yule Mwanga, na Mbukusu ndiyo kabisa arudi Bungoma. Mtu akipata kazi, swali la kwanza si amesoma nini, ni wa ukoo gani. Huwa tunacheka, tunasema ni utani wa ndugu. Mwingi ni utani kweli. Lakini utani nao una siku yake ya kugeuka orodha.

Tunaelekea Agosti 2027. Wewe ndiye utakayetafutwa. Vijana ndio wengi, vijana ndio wenye simu, na vijana ndio wanaoambiwa ni ngangari. Utaletewa tisheti, utaletewa nauli, utawekwa kwenye grupu la WhatsApp ambalo hukuomba. Humo ndimo amri ya 'tenganeni' itakapotolewa, pole pole, kwa mzaha, kwa emoji ya kucheka. Picha ya duka fulani na maandishi 'huyu naye anangoja nini?' Orodha ya majina ya wapangaji. Sauti ya mtu asiyejitaja akidai kwamba wale wanapanga jambo, kwa hiyo tuwahi.

Hapo ndipo basi lako litakaposimamishwa.

Utafanya nini? Nakushauri mambo ambayo hayahitaji kifua.

Kataa kusambaza. Habari ya kuchochea inakufa ikikosa vidole. Ni kitendo kidogo na hakuna atakayekupigia makofi, lakini ndiyo ile ile ya kukataa kupiga hatua mbili.

Sema kitu, hata sentensi moja. 'Wasee, hiyo si poa, huyo jamaa tunamjua.' Utaitwa msaliti, utaulizwa umelipwa na nani, pengine utatolewa kwenye grupu. Sawa. Mara nyingi kwenye grupu la watu 200 kuna 150 wanaofikiria kama wewe na wanangoja mtu mmoja aanze. Hata mle basini kulikuwa na sauti iliyokuwa ya kwanza, wengine wakafuata.

Jua majirani zako kabla ya kuwahitaji. Mhindi wa hardware, mama Mkikuyu wa mitumba, Msomali wa duka la simu, Mluo fundi wa pikipiki, Mkisii wa ndizi: unajua jina la yupi? Si jina la kabila, jina lake. Ni vigumu sana kumtenga mtu uliyekula chapati kwake. Wale wanafunzi wa Nyange hawakutetea wazo la taifa lililoandikwa vitabuni. Walitetea deskmeti.

Na ukipangisha nyumba, ukiajiri kinyozi wa pili, ukichagua wa kucheza naye mpira Bukhungu, usianze na swali la 'kwenu ni wapi'. Au ukiuliza, uliza kama mtu anayetaka kujua njia ya kwenda kumtembelea.

Najua kuna msomaji ambaye ameshaanza kunijibu kichwani. Anasema: maneno matamu, lakini wao ndio huanza. Wakituanza tukae tukiangalia? Swali hilo ni la haki na sitaki kulikwepa. Jibu langu ni kwamba mwenye duka aliyelala kituo cha polisi na watoto hakuanza chochote. Aliyeanza, kama yupo, huwa hakai mtaani kwako. Kama mtu amevunja sheria, ana jina lake, ashtakiwe kwa jina hilo. Ukimwadhibu jirani kwa kosa la mtu anayefanana naye jina, huna tofauti na wale wa El Wak, umetofautiana nao kwenye silaha tu. Abiria Waislamu wa basi lile nao wangeweza kusema 'haya si yetu'. Tena wangekuwa na kisingizio kizuri zaidi kuliko chako, maana walikuwa wanatazama mtutu.

Mwingine atasema, kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, mimi nina mama anayenitegemea. Nami namwelewa. Sikuambii usimame mbele ya kundi lenye mapanga. Kuna njia za kusimama ambazo haziko mbele. Mtandio uliofungwa kimya kimya ni mojawapo. Simu moja kwa jirani kumwambia asilale nyumbani leo ni nyingine. Mlango wa nyuma ulioachwa wazi. Rwanda yupo Félicité Niyitegeka, aliyekuwa akiwaficha na kuwavusha watu kwenda Goma kutoka Gisenyi mwaka 1994. Alikuwa Mhutu, na ndugu yake alikuwa ofisa wa jeshi aliyetaka kumnusuru. Angeweza kuondoka. Akakataa kuwaacha aliowahifadhi, akauawa pamoja nao. Lakini kabla ya siku hiyo ya mwisho, ushujaa wake ulikuwa kazi ya kimya: kufungua mlango usiku, kugawa chakula, kuonyesha njia. Watu waliovuka mpaka walivuka kwa sababu ya hizo kazi ndogo.

Wahenga wanatuambia wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Pale Shinyalu angalau fahali wenyewe hutoka na majeraha. Kwenye siasa zetu, fahali wanapigana kwa vipaza sauti, halafu baada ya uchaguzi tunawaona kwenye picha moja wakila nyama na kugawana vyeo. Wewe ndiye utakayebaki na kovu, na jirani asiyekusalimia, na duka lililochomwa ambalo ndilo lililokuwa likikukopesha unga.

Kwa hiyo ukakamavu wetu tuuhamishe. Tuutoe kwenye kusukuma tuupeleke kwenye kutosogezwa. Msee ngangari awe ni yule ambaye huwezi kumsogeza upande kwa mia tano, kwa tisheti, kwa hofu wala kwa wimbo. Msichana mkali awe ni yule anayefungua mlango usiku wakati mtaa mzima umezima taa. Na tuwafundishe wadogo wetu majina haya, Salah Farah, wanafunzi wa Nyange, vijana 40 wa Buta, wayajue kabla hawajaletewa tisheti.

Jibu lako lianze kukomaa sasa, wakati hakuna anayekuuliza. Leo jioni ukipita kwa yule jirani ambaye jina lake la ukoo si la huku, simama kidogo. Mwambie mulembe, kisha muulize jina lake.